Majaribio Yenye Jibu Mfukoni

Wiki chache kabla ya mtihani wa kidato cha nne, shule za sekondari za Tanzania huingia kwenye msimu wa kukariri rangi. Iodini ikikutana na wanga: bluu inayokaribia nyeusi. Myeyusho wa Benedict ukichemshwa na sukari: bluu, kijani, njano, chungwa, kisha mashapo mekundu kama tofali. Protini hutoa zambarau, na mafuta yakitiwa Sudan III huacha pete nyekundu juu. Mwanafunzi mwenye kumbukumbu nzuri anaweza kulijaza jedwali zima, kuanzia chakula kinachopimwa, utaratibu, kilichoonekana hadi hitimisho, bila kushika testi tyubu hata moja. Safu ya "kilichoonekana" anaijaza kabla hajaona kitu.

Kwenye kemia mambo ni yale yale. Kila anayefanya titresheni, yaani kupima ni mililita ngapi za asidi zinazomaliza nguvu ya besi, anajua kwamba vipimo vyake vya bureti vinatakiwa vikaribiane. Akipata mililita 24.6, kisha 25.9, hajiulizi kilichotokea katikati. Anaandika 24.6, 24.7, 24.6 na kuendelea. Wenyewe wanaita kupika data, na wapishi hodari hufaulu. Kwenye fizikia, penduli inayotumika kukadiria mvutano wa dunia isipotoa 9.8 au 10, mhusika anarudi kwenye jedwali kuipunguza au kuiongeza sekunde mpaka dunia itii kitabu. Simlaumu mtoto. Karatasi ya mtihani imemfundisha kwamba jibu lilikuwapo tangu mwanzo na kazi yake ni kufika huko akiwa na takwimu zinazofanana na za kweli. Maelekezo ya maandalizi yanayotumwa shuleni kabla ya mtihani hutaja kemikali na vifaa vya kuweka tayari, na mwalimu mzoefu akiisoma orodha hiyo anajua swali litakalokuja. Usiku huo kila mtu anafanya mazoezi ya jibu.

Mjadala wetu juu ya kufundisha sayansi umekwama kwenye orodha ya vifaa: tunavyo au hatunavyo, ni vya kununua au vya kutengeneza. Swali la vifaa hivyo vifanye kazi gani halina mwenyewe.

Kuelekea mwaka 2015, mwishoni mwa awamu ya nne, Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Wananchi walichangishwa, viongozi wa wilaya wakapimwa kwa idadi ya majengo yaliyoezekwa. Si chache zilizosimama zikiwa kuta na bati tu, hazina maji, hazina gesi, hazina hata meza. Kenya nayo ilipoamua kwamba sekondari msingi, inayoanza na gredi ya 7 chini ya mtaala wa umilisi, iwe ndani ya shule za msingi, mwaka 2023 watoto walianza kusoma Sayansi Jumuishi katika shule nyingi ambazo hazikuwahi kujengewa maabara. Nchi mbili, serikali mbili, hadithi moja.

Jibu la wataalamu kwa uhaba huu ni la zamani: faragua, yaani tengeneza zana kwa kile ulichonacho. Mwaka 1948 UNESCO ilitoa kijitabu cha mapendekezo kwa walimu wa sayansi wa nchi zilizobomolewa na Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1956 ikatoa kitabu kikubwa kilichokua kutokana na wazo hilo, ambacho kimezunguka dunia nzima. Kenya ilipoanzisha SMASSE, mpango wa kuwaimarisha walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari, mwaka 1998 kwa msaada wa Wajapani, ufaraguzi uliwekwa miongoni mwa nguzo zake. Vyuo vyetu vya ualimu hufundisha kufaragua zana kama sehemu ya kawaida ya kozi. Chupa ya maji hukatwa ikawa bika, kopo la soda likawa jiko la spiriti, bomba la sindano likawa pipeti. Miaka zaidi ya 70 ya ubunifu, na mwingi wake ni mzuri kweli kweli. Ila ubunifu huo karibu wote umetumwa kazi moja, nayo ni kutengeneza nakala ya bei rahisi ya jaribio ambalo jibu lake liko mfukoni mwa mwalimu.

Chukua kanuni ya Hooke, isemayo kwamba springi hurefuka kwa kadiri ya uzito unaoivuta, hivyo grafu yake ni mstari ulionyooka. Mwalimu hana springi, kwa hiyo anakata ukanda wa tyubu chakavu ya baiskeli, upana nusu sentimita, urefu sentimita 20. Anautundika kwenye msumari na kufunga chupa ya nusu lita upande wa chini. Mawe ya mizani hana, na wala hayahitaji: mililita moja ya maji ni gramu moja, basi bomba la sindano la mililita 10 linatosha kumpa uzito wowote anaoutaka. Wanafunzi wanaongeza maji mililita 50 kila mara na kusoma urefu wa ukanda kwa rula. Kifaa kizima kinagharimu chini ya bei ya soda.

Halafu wanachora grafu, na grafu inapinda.

Hapo ndipo mwalimu ambaye wengi tunamfahamu husema zana haikukubali. Anafuta, anachora ubaoni mstari ulionyooka wa kwenye kitabu, kipindi kinakwisha. Kumbe darasa lilikuwa limeshika kitu kikubwa kuliko springi. Mpira hautii kanuni ya Hooke isipokuwa kwa mvuto mdogo sana. Wangeendelea kwa kupunguza maji badala ya kuongeza, wangeona jambo la ajabu zaidi: ukanda haurudi kwa njia uliyopandia. Kwa uzito ule ule, wakati wa kupunguza unakuwa mrefu kuliko ulivyokuwa wakati wa kuongeza. Nishati fulani imepotelea njiani, imegeuka joto. Ndiyo maana tairi za basi lililotoka Morogoro zikifika Chalinze zina moto kuzishika. Sehemu ya joto hilo inatokana na mpira kukunjwa na kunyooshwa kila gurudumu linapozunguka. Mtoto anaweza kulihisi hapo hapo darasani: avute na kuuachia ukanda haraka mara nyingi, kisha augusishe mdomoni, atauona uvuguvugu wake. Utingo anajua kwamba tairi hupata moto. Mwanafunzi wa kidato cha pili angeweza kuanza kuulizia sababu, kwa tyubu na maji, laiti grafu iliyopinda isingehesabiwa kuwa aibu ya mwalimu.

Tanzania inayo hadithi mashuhuri kuliko zote katika jambo hili, na mara nyingi tunaisimulia vibaya. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kusubiri yapoe, kisha kuyaweka kwenye friji la shule, na nafasi ndani ya friji ilikuwa ya kugombania. Siku moja mwenzake aliweka maziwa yake bila kuchemsha. Mpemba, kwa kuogopa kukosa sahani ya mwisho, akaweka yake yakiwa ya moto. Saa moja na nusu baadaye ya kwake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Alimuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye wauza aiskrimu wa mjini Tanga walimwambia kwamba nao huweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza mwalimu mwingine, naye akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Darasa likapata utani wa kudumu.

Mpemba alijaribu tena mwenyewe, kwa maji, alipoikuta maabara ya baiolojia iko wazi. Kisha Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia chuo kikuu Dar es Salaam, akatembelea shule hiyo, na kijana akamuuliza mbele ya wenzake waliokuwa wakicheka: kwa nini maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya maji ya nyuzi 35? Osborne hakuwa na jibu. Aliporudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli yale ya moto yametangulia kuganda, ila akaahidi kuendelea kulirudia jaribio mpaka yapatikane majibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala yao katika jarida la kufundishia fizikia la Uingereza. Wakati huo Mpemba alikuwa chuo cha wanyamapori cha Mweka, na maisha yake ya kazi aliyapeleka huko, kwenye hifadhi ya wanyama.

Tukiisimulia tunamsifu mwanafunzi mdadisi na kuwasuta walimu wake. Mimi huwa nabaki kwa yule fundi. Hakuwa mjinga, wala hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mtaalamu aliyezoea kwamba jaribio zuri ni lile linalokubaliana na kitabu, na likikataa, linarudiwa. Walimu wawili waliomkatalia Mpemba walikuwa na mazoea hayo hayo, na maabara zetu za leo, zenye vifaa na zisizo na vifaa, zimejengwa juu yake. Vifaa vya ugunduzi wenyewe vilikuwa maziwa, sukari na friji. Kilichohitajika zaidi ni mtu mzima mmoja aliyekubali kusema sijui, tujaribu.

Na mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2012 Chama cha Kemia cha Kifalme cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora ya jambo hilo, na zaidi ya majibu 22,000 yakaingia. Mwaka 2016 watafiti wawili wa huko huko, Burridge na Linden, walipima kwa makini muda wa maji kupoa hadi nyuzi 0, wakasema hawaoni ushahidi wa kuaminika kwamba ya moto hutangulia. Wakaonyesha pia kwamba themometa ikikaa sentimita moja tu juu au chini ya mahali palipokusudiwa, inaweza kukupa matokeo yanayofanana na ya Mpemba ilhali hakuna kitu. Wengine wanaendelea kubishana nao. Kwa mwalimu, utamu uko hapo. Shule isiyo na friji haikosi jirani anayeuza barafu za ubuyu. Wanafunzi wakifunga mifuko kumi ya moto na kumi ya baridi, sawa kwa ujazo, wakaiangalia kila baada ya dakika kumi, hakuna mtu darasani, mwalimu akiwemo, anayejua itakuwaje. Mifuko iliyogusa ukuta wa friji itaganda kwanza, mtu atapiga kelele kwamba si haki, na ugomvi huo wa mahali mfuko ulipokaa ni ndugu wa ule wa mahali themometa ilipokaa, uliochapishwa mwaka 2016.

Kwa hiyo nikiulizwa zana gani zitumike kufundishia sayansi, nachagua zile ambazo zikitumika mwalimu naye anabaki akisubiri matokeo. Zimejaa jikoni na sokoni. Magadi, yale yale ya kulainishia maharage, kwa sehemu kubwa ni kaboneti na baikaboneti za sodiamu. Maji ya rozela ni kiashiria kizuri: kwenye ndimu yanakuwa mekundu, kwenye magadi yanageuka kuelekea kijani. Mpaka hapo ni onyesho la rangi, mchezo wa dakika tano unaoisha kwa makofi. Sasa badilisha swali. Leta magadi kutoka kwa wauzaji wanne. Ya nani yana nguvu zaidi? Kila kundi lichukue kijiko kimoja, likiyeyushe kwenye kiasi kile kile cha maji, litie rozela, kisha lihesabu mililita za ndimu, kwa bomba la sindano, mpaka wekundu urudi. Hiyo ni titresheni kamili, na hakuna kitabu chenye jibu lake. Baada ya muda kundi moja litagundua kwamba kijiko si kipimo, kwa sababu magadi ya unga na ya mabonge hayajazi sawa. Jingine litagundua kwamba ndimu ya asubuhi na ndimu ya mchana si moja, na kwamba ilipasa zikamuliwe zote pamoja. Mambo hayo mawili, kupima uzito badala ya ujazo na kutumia asidi ya aina moja kwa wote, huandikwa kwenye daftari kama tahadhari namba tatu na namba nne na hakuna anayejua yametoka wapi.

Baadhi ya zana hazina hata bei. Mombasa na Mtwara ziko karibu juu ya mstari mmoja wa longitudo, tofauti yake kama nusu digrii tu, na umbali kati yake kwa mstari mnyoofu ni kama kilomita 690. Kuna siku mbili kwa mwaka jua linapopita utosini kabisa pale Mtwara: moja katika wiki ya tatu au ya nne ya Februari, nyingine karibu na tarehe 20 Oktoba. Siku hiyo, fimbo ya mita moja iliyosimamishwa wima Mtwara haina kivuli saa ya adhuhuri ya jua. Fimbo kama hiyo Mombasa itakuwa na kivuli cha karibu sentimita 11. Kutokana na kivuli hicho unapata pembe ya digrii 6 na ushei. Gawanya 360 kwa pembe hiyo, zidisha kwa kilomita 690, na mzunguko wa dunia umeupata kwa fimbo mbili na simu moja ya kuulizana. Eratosthenes, mtaalamu wa Kigiriki wa kale, alifanya hesabu ya namna hiyo Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Jibu halisi linakaribia kilomita 40,000, na shule zitalikosa kwa asilimia kadhaa, kwa sababu ncha ya kivuli haina ukali: jua si nukta, ni duara, na ukingo wa kivuli hufifia kwa karibu sentimita moja. Kukosea huko, na kuweza kueleza kumetoka wapi, kuna thamani kuliko lile jibu. Februari Mtwara ni msimu wa mvua, basi Oktoba ni salama zaidi, ingawa Mombasa nayo wakati huo inaanza kutazamia vuli. Wingu likitanda mnasubiri kesho. Kivuli kitakuwa kimesogea kidogo, nalo ni somo jingine.

Kuhusu simu na kompyuta nitasema kwa ufupi, maana zinasemewa vya kutosha. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi simu shuleni, lakini ya mwalimu ipo, na programu ya bure kama phyphox, iliyotengenezwa na chuo kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, huifanya simu hiyo ipime sauti, mtikisiko na mwendo. Majaribio ya kuigiza ya PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya fizikia, yapo pia kwa Kiswahili. Peter Tabichi wa Keriko, kaunti ya Nakuru, aliyeshinda tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019, alikuwa akienda saiba kupakua masomo ili ayatumie shuleni bila intaneti, na shule yake ilikuwa na kompyuta moja. Hayo yote ni mazuri. Ila jaribio la kuigiza lina kasoro moja inayotuhusu hapa: linatii daima. Penduli ya kwenye skrini haina upepo wala uzi unaolegea. Darasa linalokula jaribio la kuigiza peke yake litazidi kuamini kwamba data safi ndiyo data ya kweli.

Nisieleweke kwamba serikali zipumzike kununua. Ufaraguzi umekuwa kisingizio kitamu cha bajeti, na walimu wanalijua hilo. Ukimwambia mwenye darasa la watoto 80 kwamba mazingira ni maabara, anacheka kwa uchungu. Mizani nzuri haifaraguliwi, vivyo hivyo themometa. Hadubini ya karatasi iliyobuniwa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, Foldscope, inaonyesha mengi kwa gharama ndogo, lakini haimwondolei mtu haja ya hadubini halisi. Maji ya bomba, miwani ya kukinga macho na fundi sanifu wa maabara anayelipwa mshahara havitengenezwi kwa chupa. Asidi ya betri, inayotumiwa huku na kule badala ya asidi salfuriki ya dukani, imo kwenye chupa zisizo na lebo mikononi mwa watoto wasio na glavu, na mtu anayelisifu jambo hilo kama ubunifu ningependa kumwona amesimama mstari wa mbele siku jaribio linapofanyika.

Lakini hebu tuseme vyote vimenunuliwa. Maabara tatu kila shule, bureti zinang'aa, bomba linatoa maji. Mtihani ukibaki ulivyo, watoto watapika data kwa vifaa bora zaidi. Hiyo ndiyo sababu inayonifanya niamini kwamba mlango wa kuingilia ni karatasi ya mtihani wa vitendo. Semina za walimu zina faida, mtaala mpya ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2024 una maneno mazuri ya umahiri, hata ule wa 2005 ulikuwa nayo, na mwalimu aliyetoka semina akiwa na moto hurudi shuleni akaupima moto huo kwa karatasi ya mwaka jana ya Baraza la Mitihani.

Ninachotaka ni karatasi hiyo iulize swali ambalo jibu lake haliko kitabuni. Pingamizi la kwanza ni kwamba swali lisilo na jibu moja halisahihishiki. Si kweli, na ushahidi uko karibu. Miaka ya 1960 ulianzishwa mradi wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, uliowaacha watoto wachunguze wadudu, mchanga, taa na betri. Eleanor Duckworth alipoutathmini nchini Kenya hakutumia maswali ya kuchagua. Aliweka vitu mbalimbali mezani, vingine watoto hawajawahi kuviona, akawaacha wafanye wapendavyo, kisha akahesabu ni mambo mangapi tofauti waliyojaribu na walikwenda nayo mbali kiasi gani. Waliopitia mradi walikuwa na mawazo mengi zaidi na ya kina zaidi kuliko wenzao. Njia yake haiwezi kuhamishwa kama ilivyo kwenye mtihani wa taifa, ila inavunja dai la kwamba uchunguzi haupimiki.

Pingamizi la pili ni usawa: vifaa vya shule hii vitatoa namba tofauti na vya shule ile. Hili Kenya imelitatua zamani bila kelele. Kwenye titresheni ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari wa Kenya, mwalimu hufanya jaribio lile lile, na usahihi wa mtahiniwa hulinganishwa na namba iliyopatikana shuleni kwake. Utaratibu huo huo unafaa kwa ukanda wa mpira: kila shule na tyubu yake, kila shule na namba zake. Msahihishaji aangalie kama vipimo vimerudiwa, kama jedwali linaonyesha hata kile kipimo kilichokaa vibaya, kama grafu imefuata namba au imefuata kitabu, na kama mwanafunzi anaweza kusema angejaribu nini baada ya hapo. Sehemu hiyo ya mwisho ningeruhusu aiandike kwa Kiswahili, na ningekubali kugombana na yeyote juu ya hilo.

Pingamizi la tatu husemwa kwa sauti ndogo ofisini: ufaulu utashuka, na matokeo yakishuka kuna watu wataulizwa. Kweli utashuka. Kwa sababu hiyo nisingeanzia kwenye mtihani wa taifa. Ningeanzia kwenye mtihani wa utamilifu wa mkoa, ule tunaouita moko, ambao si wenyewe unaotoa cheti. Mkoa mmoja unatosha, swali moja la fizikia, tyubu chakavu moja kwa kila darasa, maana tyubu ya mita mbili ikikatwa vizuri inatoa vipande vya kutosha watoto 80. Maelekezo ya maandalizi yataje mpira, rula, chupa na maji, na yakivuja yavuje. Anayejua kwamba ataletewa mpira bado hajui mpira wake utanyooka kiasi gani. Walimu watakaosahihisha wakutane siku moja kabla, kila mmoja apewe ukanda wake, apime, achore grafu yake mwenyewe, abishane na jirani yake kuhusu mahali inapopinda, na baada ya hapo ndipo bahasha za watahiniwa zifunguliwe.